Kukodisha diski kwenye mtandao wa hifadhi: nodi ni nini na unapoiwasha unakubali nini

Ukisikia mtu anasema amewasha nodi anakodisha diski, maana yake ni hii: ana nafasi kwenye kompyuta ambayo haitumii, ameweka programu inayoitangaza hiyo nafasi kwenye mtandao (kompyuta yenye programu hiyo ndiyo nodi), watu asiowajua wanahifadhi faili zao humo na yeye analipwa kwa kripto. Hakuna kampuni moja yenye jumba limejaa sava, data imetapakaa kwenye mashine za watu kama yeye. Mitandao inayotajwa sana ni Sia iliyoanza 2015, Storj, na Filecoin ambayo mtandao wake rasmi uliwaka Oktoba 2020. Hapa nitakaa zaidi kwenye Storj na Sia, maana Filecoin si ya mtu mwenye diski moja iliyolala tu, ile inataka RAM ya GB 128 kwenda juu na GPU (kadi ya michoro) ya nguvu, hiyo ni kazi ya wenye sava kweli kweli.

Wengi cha kwanza wanauliza kama utaziona faili za watu. Huzioni. Faili inafungwa kwa enkripsheni kabla haijafika kwako, halafu inakatwa vipande, na vinaongezwa vipande vya ziada kwa hesabu za Reed-Solomon, mbinu ya mwaka 1960 ambayo hata CD za muziki ziliitumia ndio maana zilikuwa zinavumilia mikwaruzo. Kwa Sia kawaida ni vipande 30 na vyovyote 10 vinatosha kuirudisha faili nzima, kwa Storj mpangilio uliozoeleka ulikuwa 80 na vinahitajika 29. Kwa hiyo wewe unakaa na vipande visivyosomeka, na diski yako ikifa usiku huu mwenye faili hata hatajua. Mtandao utajua lakini, na wewe mfukoni utajua.

Hapo ndipo watu wanapoielewa vibaya hii kitu. Wanadhani wanauza GB. GB ziko kila mahali bwana, kinachonunuliwa ni wewe kuwepo hewani mwezi baada ya mwezi na kipande kikiitwa kitoke kikiwa kizima, na ukilishika hilo utaona kwa nini karibu kila hatua ya kuseti ni ya kuthibitisha kwamba upo na hutakimbia.

Tuanze na rauta maana wengi wanakwama hapo wakidhani tatizo ni programu. Nodi lazima ifikike kutoka nje, kwa hiyo unafungua poti (mlango wenye namba wa kupitishia data) kwenye rauta na kuielekeza kwenye kompyuta yenye nodi. Storj inatumia 28967, na uifungue kwa TCP na UDP zote mbili, yaani njia mbili za kusafirishia data, ukisahau UDP nodi itafanya kazi ila dashibodi itakuandikia kwamba QUIC, usafirishaji unaopita kwenye UDP, haijakaa sawa. Lakini kabla ya yote ingia kwenye ukurasa wa rauta uangalie IP (anwani yako ya mtandaoni) ya upande wa nje, halafu ilinganishe na ile unayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP. Zikiwa tofauti, hasa kama ya rauta inaanzia 100.64 mpaka 100.127 au inaanza na 10, basi mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja na hata ufungue poti mpaka kesho hakuna kitakachoingia. Itabidi umwombe IP ya umma au upite kwenye VPN inayokubali kufungua poti.

Diski nayo ina mambo yake. Ule uwezo wote usiutoe, acha kama asilimia 10 ya kupumulia. Halafu kuna ajali moja mbaya sana: kompyuta imezima ikawaka tena, diski ya nje ikachelewa kujiunga, nodi ikaamka ikakuta folda tupu, ikaanza kujibu kwamba vipande havipo. Ukaguzi, yaani mtandao kukupima kama vipande bado unavyo, unafeli mmoja baada ya mwingine mpaka unafukuzwa, na data yote iko salama kwenye diski hiyo hiyo! Storj wakaweka kifaili kinaitwa storage-dir-verification ndani ya folda ya data, nodi isipokiona inagoma kuwaka. Kwa hiyo ikigoma usikimbilie kuiseti upya, angalia diski kwanza. Na kama unaiendesha ndani ya Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine), ukiizima ipe muda, maelekezo yao ni sekunde 300, ili imalizie ilichoshika mkononi.

Sia ukaguzi wake umekaa kimkataba zaidi. Unaweka programu ya nodi ya Sia inayoitwa hostd, inakupa maneno 12 ya siri ya pochi ya kutunzia siacoin, sarafu ya Sia (yaandike kwenye karatasi, picha ya skrini si bakapu), unasubiri blokicheni yote, daftari la miamala ya mtandao, ishuke, na hapo inachukua muda wake, ndio unaweka bei yako na kujitangaza. Poti 9980 ni ya kuendeshea nodi yako mwenyewe, hiyo usiifungue nje kabisa. Kila mkataba mteja anaweka hela yake na wewe unaweka dhamana kwa siacoin zako, mwisho wa mkataba mtandao unachagua kwa bahati nasibu kipande cha baiti 64 tu na unatakiwa uthibitishe unacho. Usipothibitisha ndani ya muda dhamana imekwenda. Yaani unaingia kazini na hela yako mezani.

Storj hawakuombi dhamana ila wanakushikia malipo. Miezi mitatu ya kwanza wanazuia asilimia 75, mitatu inayofuata 50, mitatu tena 25, baada ya hapo unalipwa yote, na nusu ya walichokushikia inarudi baada ya mwezi wa 15. Juu ya hapo nodi mpya inapewa data kidogo kidogo mpaka ipite ukaguzi wa kutosha, kwa hiyo usishangae diski kubwa ikakaa karibu tupu kwa muda. Na ukifikiri utaongeza nodi ya pili nyumbani upate mara mbili, hapana, nodi zenye IP inayofanana namba tatu za mwanzo zinahesabiwa kama sehemu moja na zinagawana data ile ile.

Hela? Viwango vya Storj vya mwisho wa 2023 vilikuwa dola 1.5 kwa TB iliyokaa mwezi mzima na dola 2 kwa TB iliyotoka, yaani wateja wakizichukua faili zao. Piga hesabu mwenyewe, TB 4 zikijaa zote ni dola 6 kabla ya zinazotoka na kabla hujatoa umeme. Kununua diski mpya kwa ajili hii mimi sikushauri, ila kama kompyuta inawaka muda wote hata hivyo na intaneti haina kikomo, sawa.

Ukichoka usichomoe waya tu. Sia unazima kupokea mikataba mipya na kusubiri iliyopo iishe ndio dhamana irudi, na Storj unaomba kutoka rasmi kisha unaiacha nodi hewani kama mwezi hivi mpaka wakuruhusu, ndipo ile nusu iliyobaki wanaiachia.