Hapana, sikukuchora wewe

Jamani hebu tuelewane, mie mchora vibonzo vya gazetini, na hili nshalisikia mpaka basi: "umenichora mie." Na kama si yeye basi shemeji yake, au sheha wao, au yule mwenye duka pale mtaani. Safari hii mtu mzima kanisimamisha Darajani, hapa mjini Unguja, gazeti mkononi, kidole kwenye fremu ya tatu, ananambia nani kakupa habari za nyumbani kwangu? Wallahi nyumba yake hata siijui.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo naona watu wanavichanganya makusudi. Ile katuni ya fremu moja, ya wanasiasa, ile kweli ya moto, mchoraji anapata habari mchana, jioni keshamaliza, asubuhi unayo mkononi. Gado, mchoraji wa Kitanzania, alijulikana kwa hizo pale gazeti la Nation la Kenya, alikoanza 1992. Hiyo ukisema umenichora, na wewe waziri, basi ndiyo, kakuchora. Mie sichori hizo. Mie nachora kibonzo, fremu tatu, wahusika walewale kila siku, na havendi kwa mhariri kimojakimoja, vinakwenda kwa mafungu, wiki kadhaa kabla. Kwa hiyo huo ugomvi wako na mkeo wa juzi usiku, kazi yangu ilikuwa ishalala ofisini zamani.

Charles Schulz, yule Mmarekani wa kibonzo cha Peanuts, alianza Oktoba 1950 akichora peke yake bila ya msaidizi, akafariki usiku wa tarehe 12 Februari 2000, na asubuhi yake, Jumapili, ndo kikatoka kibonzo chake cha mwisho, cha kuwaaga wasomaji. Mtu akisikia hivo anasema alijua siku yake. Hakujua. Keshatangaza kustaafu tokea Disemba kwa sababu ya maradhi, na kurasa za Jumapili kule zinatayarishwa mapema sana, imesadifu tu. Ingawa mie na hesabu zangu zote nikiitazama ile tarehe mwili unanisisimka.

Kwetu sisi tabu ya kuchora mapema ni kuandama kwa mwezi. Kibonzo cha Idd nachora viwili, kimoja Mufti keshatangaza mwezi umeandama watoto wanakimbilia Mnazi Mmoja, chengine tunakamilisha thalathini na wahusika wamenuna mbele ya futari, usiku ule mhariri anachagua. Na masika ndo usiseme, nimechora miavuli wiki nzima, gazeti linatoka jua linapasua vichwa.

Sasa kwa nini watu wanajiona? Hapa ndo nataka tukae. Chukua kibonzo hichohicho kilichomkasirisha yule bwana. Fremu ya kwanza, mtu na kofia yake ya kiua kaegemea baiskeli nje ya duka, anaomba sukari kilo moja, atalipa mwisho wa mwezi. Ya pili, mwenye duka hasemi kitu, hakuna kiputo cha maneno, kageuka tu kuitazama kalenda ukutani. Ya tatu, kalenda yenyewe ya mwaka juzi. Ndo hayo tu. Niambie mtaa gani, kuanzia Mwembetanga Unguja mpaka Wete Pemba, hauna mtu huyo? Uso nimeutia nukta mbili na pua kama ndizi mbivu, sikumpa jina, sikumpa umri, duka halina bango. Ningemtia kovu kwenye nyusi na jino la dhahabu angejiona mmoja tu, na huyo angekuwa na haki ya kunigombeza.

Scott McCloud, Mmarekani mwengine mchora katuni, aliandika 1993 kwamba uso ukiwa na mistari michache msomaji anajitia mwenyewe ndani yake. Nakubali nusu. Mana barazani kwetu watu hawajioni wao, wanamuona jirani! Gazeti moja linazunguka mikono kumi, kila mmoja analicheka kwa jina lake, na pengine mwenye jina yupo palepale anakunywa kahawa. Na jina likishatajwa halitoki tena, kibonzo cha kesho na cha keshokutwa vyote anahesabiwa yeye, akivaa mhusika kanzu ni yeye, akivaa msuli ni yeye. Aliyekuchora ni baraza, mie nilileta wino tu.

Ila sijitakasi. Ule mkao wa kwenye baiskeli, mguu mmoja juu ya pedeli, mkono unaipapasa kengele bila ya kuipiga, ule nimeuona kwa mtu. Wapi, sikumbuki. Mkono unachora vitu ambavyo kichwa kishasahau, kwa hiyo akija mtu akanambia ule mkao wangu, hapo nanyamaza.

Wale wa "leo hakikuchekesha", si kila siku kinatakiwa kichekeshe, siku nyengine kazi yake kumsogeza mhusika tu. Tuendelee.

Mtu akitaka kulalamika kwa haki alalamikie ukubwa. Likiingia tangazo la zabuni kibonzo kinabanwa mpaka maandishi ya kwenye kiputo hayasomeki, watu wanaazimana miwani. Na hicho cha kalenda kilibanwa hivohivo, nimekitazama gazetini mwenyewe, mwaka hauonekani kabisa, ni doa jeusi tu ukutani. Yani mzaha wenyewe haukuchapwa. Sasa nyie mlikuwa mnacheka nini?