Kwa nini Waingereza hupigilia bendera kwenye mlingoti?

Mwanasiasa wa Uingereza akitangaza hadharani msimamo ambao hatauacha hata chama chake kikimtenga, magazeti ya huko huandika kwamba amepigilia bendera yake kwenye mlingoti kwa misumari. Kwa Kiingereza husemwa "nail your colours to the mast", maana yake kushika msimamo mbele ya watu na kujifungia njia ya kurudi nyuma. Kwetu mtu huyo angeambiwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini misumari na bendera vimekutania wapi?

Vimekutania vitani, enzi za manowari za matanga. Bendera ya meli hupandishwa kwa kamba, na kwa kamba hiyo hiyo hushushwa. Katikati ya mapigano, kuishusha kulikuwa na maana moja: tumeshindwa, acheni kupiga. Moshi wa mizinga ukishatanda, kila jicho lilitafuta bendera juu ya mlingoti kujua nani bado anapigana. Basi nahodha aliyeamuru ipigiliwe misumari alikuwa anawaambia adui, na mabaharia wake pia, kwamba leo hakuna wa kuishusha.

Mapigano yanayotajwa zaidi ni ya Camperdown, karibu na pwani ya Uholanzi, tarehe 11 Oktoba 1797. Admirali Adam Duncan wa Uingereza, akiwa ndani ya manowari yake, Venerable, alikabiliana na Waholanzi chini ya Jan Willem de Winter. Miezi michache kabla, mabaharia wa Duncan walikuwa wameasi na karibu meli zake zote zikamwacha. Akiwa na meli mbili tu za kuwazuia Waholanzi wasitoke Texel, kisiwa cha Uholanzi walikotia nanga, alipandisha bendera za ishara kana kwamba anazungumza na kundi kubwa lililojificha mbali baharini. Hila hiyo ikafaulu.

Siku ya mapigano yenyewe, Venerable ilizingirwa. Mizinga ikakata sehemu ya juu ya mlingoti, na bendera ya admirali ikaanguka. Baharia mmoja, Jack Crawford, akapanda nayo huku makombora yakipita, akaipigilia upya. Alikuwa na miaka 22, mzaliwa wa Sunderland, mchukuzi wa makaa ya mawe kwa mashua katika Mto Wear. Mwaka uliotangulia alikuwa amekamatwa kwa nguvu na kuingizwa jeshini, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule.

Hapa ndipo habari hii inaponigusa. Msemo ambao leo huwasifu viongozi thabiti unakumbusha ushujaa wa mtu ambaye hata hakuulizwa kama anataka kupanda meli ile. Waingereza walishinda, mfalme akampa Crawford pensheni ya pauni 30 kwa mwaka, na watu wa mji wake wakamtunuku medali ya fedha. Baadaye umaskini ukamfikisha mahali pa kuiuza. Mwaka 1831 alikufa kwa kipindupindu, miongoni mwa watu wa mwanzo kuuawa na mlipuko ulioingia Uingereza kupitia Sunderland, akazikwa kama fukara. Sanamu yake katika bustani ya Mowbray ilisimamishwa mwaka 1890.

Misumari hiyo haikuanza na Crawford, wala haikuleta ushindi kila mara. Septemba 1779, nahodha Richard Pearson wa manowari ya Uingereza, Serapis, aliipigilia bendera yake kabla ya kupambana na John Paul Jones wa Marekani karibu na Flamborough Head, pwani ya Uingereza. Baada ya saa tatu na zaidi za moto na vifo, ilibidi aing'oe kwa mikono yake mwenyewe. Hata hivyo, meli za biashara alizokuwa akizilinda zilikuwa zimeshaponyoka.

Kufikia mwaka 1808 msemo ulikuwa umeshuka nchi kavu: Walter Scott aliutumia katika shairi lake Marmion kumsifu mwanasiasa aliyekwisha kufa.

Ukitaka kuutumia, angalia jambo moja. Haumfai anayevumilia kimya kimya, kama mwanafunzi anayekesha na vitabu bila mtu kujua, kwa sababu bendera hupigiliwa ili ionekane. Unamfaa mfanyakazi anayesimama mkutanoni na kutaka jina lake liwe la kwanza kwenye barua ya malalamiko, bosi akiwa amekaa pale pale anasikia.