Kukimbia kwa Jina la Marehemu: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Kwa kawaida mwezi wa Aprili, barabara za London kuanzia Greenwich hadi The Mall hufungwa kupisha marathoni, na miongoni mwa wakimbiaji wapo wengi waliovaa fulana yenye picha au jina la mtu waliyemzika, wakichangisha fedha za hisani kwa kumbukumbu yake. Watazamaji huwapigia makofi, lakini mengi yanayosemwa juu yao hayako sawa.

Linaloenea zaidi ni kwamba aliyelipa ada ya kujiandikisha amekwisha kuchangia. Sivyo. Ada huenda kwa waandaaji, ambao wana barabara za kufunga, maji ya kugawa, huduma ya kwanza na medali za kugharamia. Nafasi zenyewe ni haba: kwa mbio za mwaka 2025 waliomba watu zaidi ya 840,000. Kwa hiyo mfiwa aliyekosa nafasi katika bahati nasibu ya kuzigawa mara nyingi huiendea taasisi ya hisani iliyonunua nafasi kwa waandaaji, naye huahidi kuichangishia takriban pauni 2,000 au zaidi. Hapo ndipo ilipo kazi, na mimi naiona nzito kuliko mbio zenyewe: kubisha hodi kwa ndugu, kazini na kanisani au msikitini, kama mtu anayepitisha kadi za michango ya harusi, huku kila mara akilazimika kueleza upya ni nani aliyefariki na kwa ugonjwa gani. Mtoaji akiwa mlipakodi wa Uingereza na akaridhia mpango wa Gift Aid, taasisi hudai serikalini peni 25 za ziada kwa kila pauni.

Wengine hudhani kwamba bila mbio za kasi hakuna nafasi. Race for Life, inayochangisha fedha za utafiti wa saratani, ilianza mwaka 1994 katika bustani ya Battersea kwa kilomita 5 tu, ikiwa ya wanawake peke yao hadi wanaume waliporuhusiwa mwaka 2019, na anayetaka kutembea hutembea. Mgongoni hubandikwa karatasi kwa pini, na mshiriki huandika kwa mkono wake anamkimbilia nani: "Mama", "Babu", pengine majina matatu yaliyobanana.

Si lazima fedha ziende kwenye utafiti wa ugonjwa uliomuua marehemu. Familia nyingi huchangia hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, iliyomuuguza siku zake za mwisho, kwa kuwa hospisi za Uingereza, tangu enzi za St Christopher's iliyofunguliwa London mwaka 1967, hutegemea sana wahisani.

Dhana ya hatari ni ile ya "uchungu utanifikisha". Uchungu haujazi sukari iliyokwisha misulini, jambo ambalo wengi hukutana nalo karibu na kilomita ya 30. Kinachosaidia ni kula vizuri na miezi kadhaa ya mazoezi, ambayo kwa mbio za Aprili huangukia giza na baridi ya Januari. Wala kunywa maji bila kipimo si usalama: maji yakizidi huizimua chumvi ya damu. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi hiyo, yaani sodiamu, na waliokaa barabarani muda mrefu, kama wafiwa wengi wanaokimbia mara ya kwanza, walikuwa hatarini zaidi.

Mstari wa kumalizia nao si arobaini. Hauondoi tanga, na kwa baadhi ya watu wiki zinazofuata, ratiba ya mazoezi ikiwa imekwisha, huwa tupu kuliko zilizotangulia.

Hata michango haifungwi siku hiyo. Mwaka 2012, katika marathoni hiyo ya London, mwanamke wa miaka 30 alianguka na kufariki akiwa amebakiza chini ya maili moja. Alikuwa akiwachangishia Samaritans, wanaowasikiliza watu waliokata tamaa, na asubuhi ya mbio alikuwa na takriban pauni 500. Watu wasiomjua waliendelea kutoa, wengi wao pauni 5 au 10, hadi zikapita milioni moja.