Riwaya Si Hotuba ya Mgeni Rasmi

Kila nikisifu riwaya mbele za watu, jibu la kwanza ni lile lile: "Sawa, lakini inatufundisha nini?" Safari hii nimeulizwa nikiwa ndiyo kwanza nimefunga Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Nahariri miswada, nahakiki vitabu, nasoma kuliko ninavyolala, na swali hilo limenifika hapa kooni.

Tuanze na hiyo hiyo Peponi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz, akidhani anakwenda kutembea kwa jamaa. Kumbe baba yake anadaiwa, na yeye ndiye rehani. Hakuna anayemkalisha chini akamweleza. Usimulizi ni wa nafsi ya tatu, ila haubanduki machoni pa yule mtoto, kwa hiyo na sisi tunajua kwa kuchelewa, kijineno hapa, kijineno pale, hasa kwa kinywa cha Khalil, asiyechoka kumkumbusha kwamba huyu tajiri si jamaa yako. Uchungu wa kitabu umekaa ndani ya ucheleweshaji huo. Msimulizi angetangulia kutuambia, tungemhurumia Yusuf kwa mbali na kufunua ukurasa.

Halafu mwisho wake (ambaye hajasoma aruke aya hii, nisilaumiwe). Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, wale wale waliokuja kuinyang'anya nchi. Haya, nipeni funzo. Vijana, wafuateni wakoloni? Aliyeniuliza alihitimisha kwamba mhusika mkuu "hana msimamo", basi riwaya ina kasoro. Hana, ndiyo. Mtu aliyewekwa rehani tangu utotoni, msimamo atautoa wapi? Kasoro anayoilalamikia ndiyo kitabu chenyewe.

Najua nitakachoambiwa: fasihi yetu imezaliwa na mawaidha, sasa wewe unaleta ya wapi? Sikatai. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa nasaha tupu: dini, adabu, namna ya kuishi na mume. Nimeurudia juzi. Nusu ya nasaha zile leo zitazua ugomvi, na sitaki kuuingilia. Lakini tazameni beti za mwanzo. Mama ni mgonjwa, maradhi yametimiza mwaka, hajapata nafasi ya kusema na mwanawe. Anamwita asogee, akae, aje na wino na karatasi. Asiyekubali hata wasia mmoja katika ule utendi bado ataguswa na mama yule. Mafunzo yamo, lakini yanabebwa na sauti, na sauti ndiyo isiyozeeka.

Shaaban Robert naye, mwalimu kuliko walimu, hafichi lolote. Katika Adili na Nduguze majina tu yanamaliza kazi: Adili, Hasidi, Mwivu. Wahusika bapa kabisa, kila mmoja na sifa moja tu, na maadili yake utayapata hata kwenye kalenda ya ukutani. Lakini kila usiku Adili anawachapa mijeledi manyani wawili, kisha anawabembeleza kwa huzuni, na manyani hao ni ndugu zake. Huyo ndiye mwema wetu, na mjeledi uko mkononi mwake. Kuna mwanafunzi aliyewahi kuulizwa mkono ule unajisikiaje? Hapana. Anaulizwa "taja dhamira tano".

Kinachonikera zaidi ni yanayofanyiwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kwanza ilizuiwa mashuleni, kisha ikaja kufundishwa, na sijui kipi kiliiumiza zaidi. Funzo linalokamuliwa humo ni kwamba msichana asiyejitunza huishia pabaya. Jamani! Mwanzoni kabisa Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua tu. Kuanzia hapo kila mwanamume anayekutana na Rosa anakutana pia na kipigo kile. Msomaji wa mafunzo hapaoni, kwa kuwa anakimbilia mwisho, kwenye kifo, akachukue hukumu yake. Na ukimbana, atageuza kibao: funzo basi ni wazazi wasiwe wakali. Hapo hatujasogea, tumebadilisha mshtakiwa tu. Riwaya inatuweka mahali pabaya zaidi: tunamwona Rosa akichagua, tunaona alivyofinyangwa, na hatupewi mizani ya kupimia kipi kilizidi. Kukosa mizani kunauma, ndiyo maana watu wanaharakisha kujitengenezea moja.

Madhara yake nayapokea mezani kila mara. Miswada inakuja na sura ya mwisho iliyogongewa misumari: fisadi kapata ajali, mzinzi kaugua, mnyonge kapata udhamini wa masomo, na babu mwenye mvi anatokea kusikojulikana kutufafanulia. Nafuta. Mwandishi anarudisha. Anaogopa ataulizwa.

Lazima nikiri upande wa pili una hoja. Msimulizi wa Rosa Mistika mwenyewe mara nyingine anapanda mimbari na kutuhutubia, na siwezi kuthibitisha kwamba Kezilahabi alikuwa anamkejeli. Huenda alimaanisha kila neno. Hapo usomaji wangu unategemea kuyapuuza maneno yaliyoandikwa waziwazi, jambo ambalo ningemkatalia mwanafunzi yeyote.

Na Nagona yake ya mwaka 1990, niliyoirudia mwezi huu, inanitia shaka ya aina nyingine. Humo nimepata nilichokuwa nakililia: hakuna funzo la kubeba, hata msuko wa kawaida kautupa. Ukurasa mmoja nataka kuukariri wote, unaofuata nashuku ni ukungu tu na sote tunaogopa kusema. Wenzangu wamezifafanua taswira zake kwa makala ndefu. Nikizisoma nakubali, nikirudi kitabuni kukubali kwenyewe kunayeyuka.