Je, wajua? Siriz yenye 50% Rotten Tomatoes haijapata nusu ya maksi

Mtu akitaka kuanza siriz mpya siku hizi anafungua kwanza Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya riviu za wahakiki, anakuta 50%, anafunga, anatafuta nyingine. Ile namba anaisoma kama matokeo ya mtihani, yani siriz imepata 50 kati ya 100, kwa hiyo ni ya kawaida tu. Haihesabiwi hivyo kabisa, na siriz zinazoumizwa zaidi na usomaji huu ni zile zilizochanganya mambo, mfano The Rook, ile ya majasusi wenye nguvu zisizo za kawaida iliyoonyeshwa na chaneli ya Marekani Starz mwaka 2019.

Kwa asiyeijua, chanzo chake ni riwaya ya 2012 ya Daniel O'Malley, mwandishi wa Australia. Mwanamke anayeitwa Myfanwy Thomas anazinduka London, kazungukwa na maiti, hakumbuki chochote hata jina lake, na anakuta barua aliyojiandikia mwenyewe kabla kumbukumbu haijafutwa. Kumbe ni kigogo kwenye Checquy, idara ya siri ya Uingereza inayoshughulika na watu wenye nguvu za ajabu, na aliyemfanyia hivyo huenda yumo humo humo ofisini. Siriz ikatoka epizodi nane, wahakiki wakagawanyika, ikaishia msimu mmoja.

Sasa tuje kwenye namba. Rotten Tomatoes ilianza 1998, na kipimo chake kikuu cha wahakiki hakijali mtu kapenda kwa kiasi gani, kinauliza swali moja tu: riviu hii ni nzuri au mbaya? Ikiwa nzuri inapewa nyanya nyekundu, ikiwa mbaya inapewa ya kijani iliyopondeka. Asilimia unayoiona ni idadi ya nyekundu gawanya kwa riviu zote. Basi. Ni kama mkutano wa kijiji unaopiga kura kwa kunyoosha mikono: anayelitaka jambo kwa moyo wake wote na anayelikubali shingo upande, wote wamenyoosha mkono mmoja mmoja, na anayehesabu haandiki nani kanyoosha juu zaidi.

Chukua siriz mbili za kufikirika, kila moja ina wahakiki kumi. Ya kwanza wote kumi wanaipa 6 kati ya 10, wanasema inaangalika, haina ubaya. Hizo zote ni riviu nzuri, kwa hiyo inapata 100%. Ya pili, watano wanaipa 10 kamili, wanaona ni bora kuliko zote za mwaka huo, na watano wanaipa 4. Hiyo inapata 50%. Ukipiga wastani, ya kwanza ina 6 na ya pili ina 7! Yani yenye 50% ndiyo yenye wastani mkubwa, na ukikaa na watu kumi ukawauliza, yenye 100% hakuna hata mmoja anayeipenda kwa dhati. Mfano huu nimeukaza makusudi, mara nyingi namba mbili hizi zinapanda na kushuka pamoja, lakini siriz ikishagawanya watu ndipo zinapoachana, na hapo ndipo usomaji wa haraka unapotudanganya.

Na The Rook ilikuwa na kila sababu ya kugawanya watu. Kitabu kina vichekesho vingi, barua za Myfanwy wa zamani zinaeleza mambo ya kutisha kwa sauti ya karani makini anayekabidhi ofisi, kuna nyumba iliyoliwa na uyoga, kuna joka, na maadui wakubwa ni kundi la Ubelgiji linaloichezea miili ya watu. Siriz ikaacha sehemu kubwa ya hayo, ikachagua uzito na baridi ya stori za ujasusi, ikaweka biashara ya kuuza watu wenye nguvu kama bidhaa. Stephenie Meyer, mwandishi wa Twilight, alikuwa kwenye mradi huu mwanzoni, akajitoa kabla haijatoka. Kwa hiyo msomaji aliyekuja kutafuta joka akakuta vikao vya ofisini, na mpenzi wa ujasusi ambaye hajawahi kusikia kitabu akakuta kitu kinachomfaa. Gestalt, akili moja inayoishi kwenye miili minne, alibaki, na mimi naona ndiyo kitu bora kwenye siriz nzima: ndugu wanne wanaomalizia sentensi ya mtu mmoja, mmoja yuko kazini huku mwingine yuko kwingine kabisa, na wote ni yeye.

Kuna jingine la kuzingatia kwa siriz hasa. Wahakiki mara nyingi hutumiwa epizodi chache za mwanzo kabla ya kurushwa, na wengi wanaandika kutokana na hizo. Stori ya mtu aliyepoteza kumbukumbu inaanza polepole kwa lazima maana mhusika mwenyewe hajui kinachoendelea, hivyo asilimia ya msimu mzima inaweza kuwa imebeba zaidi hukumu ya mwanzo wake. Siwezi kusema hilo ndilo lililoiponza hii, ila ni vizuri ulijue ukiona namba.

Wastani wenyewe haujafichwa mbali, ukibonyeza asilimia ya wahakiki kwa kawaida utaukuta umeandikwa kati ya 10. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, wao wanafanya tofauti, wanabadilisha kila riviu kuwa maksi kati ya 0 na 100 wanapiga wastani, ila baadhi ya wahakiki wanapewa uzito zaidi na uzito huo hawautangazi. Mimi nikikuta 50% naangalia wastani kwanza, afu nasoma riviu moja nyekundu na moja ya kijani, maana mara nyingi zote mbili zinataja kitu kile kile, mmoja anakiita ubovu na mwenzake anakisifia, na ukishajua ni kitu gani unajua kama ni chako au sio chako.