Idara ya uhifadhi ya jimbo ni kitu gani hasa? Tuchukue mfano wa Missouri

Tuanze na neno jimbo, manake kwa Mtanzania ukisema jimbo anawaza mbunge na uchaguzi. Hapa naongelea jimbo la Marekani, lile lenye gavana wake, bunge lake, katiba yake na kodi zake. Kule wanyamapori na samaki kwa sehemu kubwa wanasimamiwa na jimbo lenyewe, sio Washington, ukitoa mambo kama hifadhi za taifa, ndege wanaohama na wanyama walio hatarini kutoweka. Sasa kila jimbo limejipangia ofisi zake kivyake. Minnesota kwa mfano wana idara moja ya maliasili inayobeba samaki, misitu, madini na mapori ya kutembelea, alafu uchafuzi wa mazingira una wakala wake.

Missouri wao wamegawa mara mbili na mimi mgawanyo wao naupenda sana, ngoja nieleze.

Kuna Idara ya Uhifadhi, hii inashika wanyamapori, samaki na misitu, leseni ya kuvua au kuwinda inatoka huko na askari wa wanyamapori wako huko. Alafu kuna Idara ya Maliasili, iliyoundwa 1974, hii inashika hewa, maji safi, taka, migodi, na pia mapori ya kupumzikia ya jimbo ambayo kuingia ni bure. Majina yanafanana mpaka watu wanachanganya, lakini ni kama kwetu tu, hifadhi za taifa ziko TANAPA, mapori ya akiba TAWA, misitu TFS.

Tofauti kubwa iko kwenye nani anamweka bosi. Mkurugenzi wa Maliasili anateuliwa na gavana na seneti ya jimbo inapitisha. Wa Uhifadhi haguswi hivyo, yeye anaajiriwa na tume ya watu 4, gavana anawateua hao wanne ndio, ila wanakaa miaka 6, hawalipwi mshahara, na wasizidi wawili wa chama kimoja. Kwa hiyo gavana akiamka na hasira hawezi kumfukuza mkurugenzi kesho yake, na lini uwinde, uwinde wangapi, inapangwa na tume sio na wanasiasa bungeni.

Hili halikutoka hewani. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 misitu ya Missouri ilikuwa imekatwa vibaya, kulungu wa mkia mweupe walibaki chini ya 400 jimbo zima, na kazi za uaskari wa wanyama zilikuwa zinagawiwa kwa kujuana kisiasa, chama kikibadilika na askari wanabadilika. Wavuvi na wawindaji wenyewe wakachoka, wakakusanya saini, na Novemba 1936 wananchi wakapiga kura kuiingiza tume kwenye katiba ya jimbo. Ikaanza kazi Julai 1937. Leo kulungu ni zaidi ya milioni moja.

Na pesa je? Hapa ndo patamu. 1976 wananchi walipiga kura tena wakakubali kodi ya mauzo ya moja ya nane ya asilimia moja, yani ukinunua vitu vya dola 8 senti moja inaenda kwenye uhifadhi, na katiba inasema hela hiyo isitumike kwa kitu kingine, kwa hiyo hata mtu wa mjini asiyewahi kushika ndoano anachangia msitu. Kodi hii haina mwisho. Ile ya mapori ya jimbo na udongo, iliyoanza 1984, ni senti moja kwa kila dola 10, nusu kwa nusu, na lazima ipigiwe kura upya kila miaka 10, mwaka 2016 ilipita kwa asilimia 80.

Hiyo nusu ya udongo inashuka mpaka chini kabisa. Kila kaunti, yani sehemu ya utawala ndani ya jimbo, na ziko 114, ina wilaya yake ya kuhifadhi udongo na maji (sio wilaya kama ya kwetu, ni chombo cha kazi hiyo tu), wajumbe wa bodi wanachaguliwa na wenye mashamba wa hapohapo, na mkulima ambaye shamba lake linaliwa na mmomonyoko anaenda kwao, anasaidiwa sehemu ya gharama ya kujenga matuta, nyingine anatoa mwenyewe.