Je, wajua kwa nini ng'ombe waliwaunganisha Wayoruba kuliko kura?

Januari 9, 2020, majimbo sita ya kusini-magharibi mwa Nigeria, nyumbani kwa Wayoruba, yalizindua mjini Ibadan kikosi cha ulinzi kiitwacho Amotekun, jina la Kiyoruba la chui. Siku tano baadaye Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Shirikisho, Abubakar Malami, akatangaza kwamba kikosi hicho ni haramu. Magavana watano kati ya hao sita walikuwa wa APC, chama tawala, kilekile cha Malami na cha Rais Muhammadu Buhari. Wa sita, Seyi Makinde wa Oyo, alikuwa wa PDP, chama cha upinzani.

Ungetegemea wale watano wanywee na kumwachia Makinde mzigo peke yake. Haikuwa hivyo. Aliyesimama mbele kabisa kumjibu Malami alikuwa Rotimi Akeredolu, gavana wa Ondo, mwana-APC na wakili aliyewahi kuwa rais wa Chama cha Mawakili cha Nigeria. Viongozi wa dini, wazee wa kimila, vyama vya wanafunzi na makundi ambayo kwa miaka hayakupatana yakamuunga mkono. Ilibidi Makamu wa Rais Yemi Osinbajo, naye Myoruba, awaite magavana Januari 23, na ikakubaliwa kila jimbo litunge sheria yake ya Amotekun. Ilipofika Machi mabunge ya majimbo yalikuwa yakizipitisha sheria hizo.

Anayeijua historia ya Wayoruba ataona ajabu iko wapi. Hawa ni watu wanaosema wote wametokana na Oduduwa, na kitovu chao ni Ile-Ife, lakini kuwa na babu mmoja hakujawahi kuwazuia kupigana. Baada ya dola ya Oyo kuporomoka, karne ya 19 ilikuwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita ya Kiriji, kati ya Ibadan na muungano wa Ekitiparapo, ilianza 1877; mkataba wa amani ulitiwa saini 1886, lakini kambi hazikuvunjwa hadi 1893. Kwenye vyama mambo hayakuwa tofauti sana. Obafemi Awolowo alianzisha jumuiya ya Egbe Omo Oduduwa akiwa London mwaka 1945, kisha chama cha Action Group mwaka 1951. Mwaka 1962 kilipasuka alipokosana na naibu wake, Samuel Akintola, na uchaguzi wa 1965 uliishia kwa watu na nyumba kumwagiwa petroli na kuchomwa moto.

Kufutwa kwa ushindi wa Moshood Abiola, Myoruba, katika uchaguzi wa rais wa Juni 1993 kuliwarudisha pamoja kwa muda. Mwaka 1999 chama cha AD kilichukua majimbo yote sita. Miaka minne tu baadaye PDP ikakinyang'anya matano, kikabaki na Lagos peke yake.

Sasa, kwa nini ng'ombe wafanikiwe pale ambapo vyama vimeshindwa?

Jibu linaanzia shambani, na hapa naomba tusiende haraka, kwa sababu makala nyingi zinaruka moja kwa moja kwenye ukabila. Kaskazini mwa Nigeria mkulima wa mtama na uwele huvuna kuelekea mwisho wa mwaka. Shamba likibaki mabua matupu, mfugaji wa Kifulani huingiza ng'ombe wake: wanakula mabua, wanaacha samadi. Wote wawili wanafaidika, na kwa vizazi vingi makubaliano ya namna hiyo yameendeshwa bila afisa yeyote wa serikali. Kusini-magharibi shamba haliwi tupu. Muhogo unakaa ardhini mwaka mzima, pengine zaidi. Miche ya kakao inahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mfugaji anayeshuka kusini kati ya Novemba na Machi, wakati wa kiangazi, anakuta kitu pekee cha kijani kilichobaki ni mali ya mtu. Ng'ombe wakipita kwenye muhogo usiku mmoja hula majani, hukanyaga matuta, huvunja mashina, na mkulima akifika alfajiri anakuta chakula cha mwaka na ada za watoto vimelala chini. Hapo hakuna mabua ya kugawana.

Zamani tatizo hili halikuwa kubwa hivyo kwa sababu mbung'o waliilinda misitu ya kusini. Ng'ombe wakubwa wa kaskazini walikufa kwa ugonjwa wa nagana wakikaa huko muda mrefu. Misitu ilipofyekwa, dawa za mifugo zikapatikana, na ukame mkali wa Sahel ukapiga miaka ya 1970 na 1980, wafugaji wakazidi kusogea kusini, na wengi wakabaki. Maeneo ya Oke-Ogun na Ibarapa, jimbo la Oyo, yana makambi ya Wafulani, Wayoruba huyaita gaa, ambayo watoto waliozaliwa humo wanazungumza Kiyoruba bila lafudhi. Wanawake wa gaa huuza wara sokoni: jibini laini inayogandishwa kwa utomvu wa majani, ikielea kwenye maji yake ndani ya bakuli, ambayo Wayoruba huikaanga na kuila kama kitoweo. Na wapo Wayoruba wengi wenye uwezo wanaonunua ng'ombe na kumkabidhi Mfulani awachunge. Watu hawa hawakuwa wageni kwa wenzao.

Kilichobadilisha sura ya mambo ni utekaji. Septemba 2015 Olu Falae, waziri wa fedha wa zamani na mgombea urais wa 1999, alitekwa shambani kwake karibu na Akure, siku ya kutimiza miaka 77, na watu waliotajwa kuwa wafugaji wa Kifulani ambao alikuwa na mgogoro nao juu ya ng'ombe kuingia shambani mwake. Aliachiwa baada ya siku chache. Julai 2019 binti wa Reuben Fasoranti, kiongozi wa jumuiya ya Kiyoruba ya Afenifere, aliuawa kwa risasi barabarani karibu na Ore. Ikiwa haya yaliwapata watu wa tabaka hilo, mkulima wa kawaida na abiria wa basi walijiuliza nani atawalinda wao. Polisi wa Nigeria wako chini ya serikali ya shirikisho pekee. Gavana anaitwa mkuu wa usalama wa jimbo, lakini kamishna wa polisi aliye jimboni mwake anapokea amri kutoka Abuja. Pengo hilo ndilo Amotekun iliundwa kuliziba, na Malami alipoipinga watu walimkumbusha kwamba Kano ina Hisbah, askari wake wa sharia, na hakuna aliyewafuta.

Juu ya hofu hiyo ikaja sera. Katikati ya 2019 serikali ya Buhari ilitangaza mpango wa RUGA, makazi ya wafugaji ambayo yangejengwa katika majimbo mbalimbali. Buhari mwenyewe alikuwa Mfulani mwenye ng'ombe. Huenda waliobuni mpango walitaka kweli kumaliza kuhamahama. Wataalamu wengi wa mifugo wanakubali kwamba ufugaji uliotulia ni jambo jema. Ila kwa mkulima wa Ondo aliyeshazika jirani, tangazo hilo lilisikika kama rais anawagawia ndugu zake ardhi ya wenzao. Mpango ukasimamishwa Julai mwaka huohuo, lakini shaka haikusimama.

Ardhi ndiyo kiini. Sheria ya Ardhi ya 1978, iliyotungwa chini ya utawala wa kijeshi wa Olusegun Obasanjo, Myoruba wa Abeokuta, iliweka ardhi yote ya jimbo mikononi mwa gavana. Kwa hiyo Buhari aliposema Juni 2021 kwamba amemwagiza Mwanasheria Mkuu afufue njia za mifugo na maeneo ya malisho yaliyotangazwa enzi za Jamhuri ya Kwanza, miaka ya 1960, magavana wa kusini walikuwa na jibu tayari: sheria ya hifadhi za malisho ya 1965 ilikuwa ya Kanda ya Kaskazini. Haikuwahi kutumika magharibi, wala mashariki. Hapa naona siri ya ule umoja. Suala la malisho halikumtaka gavana yeyote ahame chama, amtambue mwenzake kuwa kiongozi mkuu wa Wayoruba, au aamue kama mfalme wa Oyo, Alaafin, yuko juu ya mfalme wa Ife, Ooni. Lilimtaka atumie tu mamlaka ambayo katiba na sheria zilishampa, kulinda kitu ambacho mpiga kura wake, awe Mwislamu au Mkristo, alikigusa kila siku.

Nalitaja la dini kwa makusudi. Katika jimbo la Benue, ambako mazishi ya watu 73 yalifanyika kwa siku moja Januari 2018, mgogoro ulisomwa upesi kama Wakristo dhidi ya Waislamu. Kwa Wayoruba hesabu hiyo haikai, kwa kuwa familia moja ina alhaji na mchungaji wanaokula sahani moja siku ya Idi na siku ya Krismasi. Mkulima Mwislamu wa Ibarapa aliumizwa kama mwenzake Mkristo wa Ekiti. Hivyo mstari uliochorwa ulikuwa wa ardhi na kabila.

Na mstari wa kabila ni hatari. Januari 18, 2021, Akeredolu aliwapa wafugaji siku saba watoke kwenye hifadhi za misitu za Ondo. Alisema hifadhi; wengi walisikia jimbo zima. Mwezi huohuo mwanaharakati Sunday Adeyemo, maarufu kama Sunday Igboho, alikwenda Igangan, Ibarapa, akawapa Wafulani wa huko siku saba. Muda ulipokwisha nyumba na magari ya kiongozi wao vilichomwa moto, na familia ambazo hazikuwa na kosa zikakimbia. Februari, ugomvi katika soko la Shasha, Ibadan, uligeuka mapigano kati ya Wahausa na Wayoruba. Watu waliuawa na maduka yakateketea. Wafanyabiashara wa kaskazini wakajibu kwa kuzuia ng'ombe na vyakula kwenda kusini kwa siku kadhaa, na akina mama wa Lagos wakaona bei ya nyama na vitunguu ikipaa. Juni, watu wenye silaha waliivamia Igangan usiku, wakaua watu na kuchoma kasri la mfalme wa mji. Yeyote anayeusifu umoja wa Wayoruba wa miaka ile hana budi kuyasema haya pia. Mchungaji aliyefukuzwa kwenye gaa alikozaliwa hakumteka mtu, na kumwadhibu kwa dhambi za genge la msituni ni dhuluma kama dhuluma nyingine.

Serikali za majimbo, kwa sifa yao, zilirudi kwenye njia ya sheria. Ekiti ilikuwa imeshapiga marufuku kuchunga holela tangu 2016 chini ya Ayodele Fayose, na Oyo ikafuata 2019. Mei 11, 2021, magavana wa majimbo 17 ya kusini, Wayoruba, Waigbo, Waijaw na wengine, walikutana Asaba wakakubaliana kuzuia kuchunga holela kote kusini. Walipokutana tena Lagos mwezi Julai, waliwekeana Septemba 1 kuwa siku ya mwisho ya kila jimbo kuwa na sheria. Akeredolu alisaini ya Ondo Agosti 31. Lagos ikasaini Septemba 20. Malami alisema kuzuia malisho kusini ni sawa na kaskazini kuzuia biashara ya vipuri inayofanywa na watu wa kusini. Akeredolu alijibu kwa ukali: biashara halali isiyomdhuru mtu haifanani na ufugaji wa kale uliogharimu maisha, mashamba na mali za watu. Naafikiana naye kwenye hilo. Ila muuza vipuri hupata duka la kukodi, wakati ranchi zilizopaswa kumpa mfugaji pa kukaa ni chache mno hadi leo. Sheria ilitangulia, pa kwenda kukachelewa. Huko Ondo, Amotekun wamekuwa wakikamata ng'ombe wanaokutwa mashambani au mitaani na wenye mifugo kulipishwa.

Umoja huu una mipaka ya ramani vilevile. Wayoruba wa Kwara na Kogi wamehesabiwa katika kanda ya kati-kaskazini, nje ya majimbo sita, na Amotekun hawavuki huko. Ilorin ndiyo mfano mgumu kuliko yote. Mapema karne ya 19 Afonja, kamanda wa Oyo aliyeasi, alimkaribisha mwanachuoni Mfulani aitwaye Alimi; Afonja akauawa na mji ukawa emireti chini ya Sokoto, dola ya Kiislamu ya Wafulani. Hadi leo emiri wa Ilorin ni wa ukoo wa Alimi, na raia zake wanazungumza Kiyoruba. Mtu wa Ilorin mwenye bibi Mfulani na babu Myoruba atawekwa upande upi wa mstari? Wanaharakati wa kusini wanaolitaja jina la Afonja kama onyo la usaliti mara nyingi hawamfikirii mtu huyo.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2023. Bola Tinubu, Myoruba, aligombea kwa APC. Afenifere, iliyokuwa na kauli moja juu ya malisho, iligawanyika: Ayo Adebanjo, aliyekaimu uongozi tangu 2021, alimuunga mkono mgombea mpinzani Peter Obi, Mwigbo, akisema zamu ni ya mashariki, Fasoranti akambariki Tinubu nyumbani kwake Akure. Wote wawili walikuwa wazee waliopita miaka 90, wafuasi wa Awolowo tangu ujana wao. Tinubu alishinda urais, lakini Lagos, ngome yake mwenyewe, ilikwenda kwa Obi, na Osun ikamwendea Atiku Abubakar, mgombea wa PDP.

Julai 2024 Tinubu alitangaza wizara mpya ya maendeleo ya mifugo. Ndiye sasa anayeshikilia mezani swali lililomshinda Buhari: wafugaji wanataka malisho na maji, ardhi iko mikononi mwa magavana, na magavana wa kusini-magharibi wana sheria walizotunga wenyewe za kukataa ng'ombe wanaotembea. Akiwaomba ardhi ya ranchi, ataomba kama ndugu. Akeredolu alifariki Desemba 2023, kabla ya ombi hilo kufika.